Waya Uliopita Chini ya Ukuta

Umeme wa soko haupiti ukuta wa soko. Hiyo ndiyo kanuni aliyopewa Idd Tawakali, fundi umeme wa halmashauri, mashine mpya za barafu zilipofungwa katika soko la samaki la Namatandu. Aliisimamia kwa kila mtu ila mmoja. Wako watakaosema kuwa mmoja ni kidogo. Watu hao wasikabidhiwe funguo za kitu chochote.

Namatandu ni mji mdogo unaoufikia kwa kuacha barabara kuu baada ya Kiranjeranje na kushuka pwani. Watu wake ni wavuvi na wachuuzi wa samaki, na wengine wana mikorosho yao huko juu. Mji wa namna hiyo unaishi kwa barafu. Changu akilala kwenye barafu asubuhi, jioni yuko Lindi na bei yake. Asipoipata, adhuhuri anauzwa kwa bei ya kutupa, na aliyemvua anarudi nyumbani mikono mitupu.

Mashine za zamani zilikula umeme kama moto unavyokula makuti, na barafu zilitoa siku zilipopenda. Halmashauri haikuwa na fedha ya kununua nyingine. Ndipo ikaja kampuni kutoka Dar es Salaam na mapatano yake. Kampuni itafunga mashine mbili mpya, taa mpya na pampu mpya ya maji kwa fedha yake yenyewe. Halmashauri itaendelea kutenga kila mwezi fedha ileile iliyozoea kutenga kwa umeme wa soko. Kwa kuwa mashine mpya hutumia umeme mdogo, kitakachobaki kitakwenda kwa kampuni hadi deni liishe, kisha mashine zitakuwa mali ya mji na kitakachobaki kitakuwa cha mji. Lakini umeme usipopungua kama walivyopatana, halmashauri itaziba pengo kutoka fungu lake. Ikishindwa, kampuni itafungua mashine zake na kuondoka nazo.

Mapatano hayo hayakuwa na hila. Hayakumtaka mtu atoe hata senti. Yalitaka jambo moja tu, watu waache kuiba, na hapo ndipo Namatandu ilipokwama.

Maana nyuma ya ukuta wa soko palikuwa na nyumba, na kila nyumba ilikuwa na waya wake uliopanda juu ya ukuta kama mboga ya kutambaa. Hakuna aliyeuita wizi. Waliuita ujirani. Soko lilipojengwa, sehemu ya ardhi ilikuwa ya Mzee Tawakali, baba yake Idd. Alipoombwa, alisema wajenge, naye mwenyekiti wa wakati ule akamwambia kuwa jirani hatalala gizani hali soko lina taa. Wakasoma Fatiha, wakanywa kahawa, wakaachana. Karatasi hapakuwa. Kwa watu wa Namatandu, jambo lililosomewa Fatiha limekwisha kuandikwa mahali pakubwa kuliko ofisi. Kosa lao ni kudhani kuwa ofisi nayo inajua hivyo. Basi jirani wa kwanza akavuta waya wa taa, wa pili akavuta wa pasi, wa tatu akanunua friza, na kila mwaka nyaya ziliongezeka.

Mhandisi wa halmashauri, Stefano, mtu wa Rondo, alimwita Idd siku mashine zilipowashwa.

"Hawa wakiona umeme unabaki, wataleta mafriza hadi ya ndugu zao wa Kinjumbi," alisema. "Kata zote. Umeme wa soko haupiti ukuta wa soko. Umenisikia, fundi?"

"Nimekusikia, Mhandisi. Na dada yangu yumo."

"Ndiyo maana nimekupa wewe. Ukimkata dada yako, nani atafungua mdomo?"

Idd alikuwa mtu wa swala tano na maneno machache, aliyezoea kusifiwa kwa uaminifu wake. Sifa hiyo aliipenda kuliko alivyojua. Aliona Stefano amesema kweli. Akachukua plaizi, akaanza na nyumba ya dada yake.

Maimuna ndiye aliyemlea Idd baada ya mama yao kufariki. Sasa alikuwa mjane, na friza lililokaa barazani ndilo lililomlisha. Aliuza barafu za ukwaju na maji ya baridi kwa wachuuzi, na siku za msiba alitoa bure. Alimwona Idd tangu kwenye kona.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kunywa maji, au umekuja na hilo plaizi?"

"Nimekuja tuzungumze."

"Mtu hazungumzi na plaizi mkononi. Sema lililokuleta."

"Kanuni imetoka. Umeme wa soko haupiti ukuta wa soko."

"Ukuta upi? Huu uliokaa juu ya shamba la baba?" Maimuna hakupandisha sauti. "Siku ile walisoma Fatiha hapa, wewe ndiye uliyeshika birika la kahawa. Umesahau?"

"Sikusahau."

"Basi Fatiha imekwisha muda wake?"

"Kampuni haikuwepo, dada. Haikuisoma."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Wachuuzi walikwisha kukusanyika na ndoo zao. Idd alijua kuwa akirudi nyuma hapo, hatakata waya wa mtu yeyote mjini.

"Nikikuacha wewe," alisema, "nitamkata nani?"

Akapanda ngazi, akakata. Friza likakohoa, likanyamaza. Alipotelemka alimwambia kwa sauti ya chini kuwa atamlipia waya wake halali, na mita yake ya luku, kwa jina lake, kutoka mshahara wake.

"Unanivua nguo sokoni, kisha unaniletea kanga chumbani," alisema Maimuna. "Kaa nayo hiyo kanga. Mkeo ataivaa."

Akaingia ndani. Barafu za ukwaju ziliyeyuka pale barazani, maji mekundu yakashuka ngazi hadi mtaani, na hakuna aliyegusa hata moja ingawa jua lilikuwa kali.

Idd akaendelea na nyumba ya pili, na ya tatu. Kwa mzee mmoja alikata taa ya chumba cha mgonjwa. Madrasa nayo akaikatia feni, na watoto wakatoka kumtazama. Hadi jioni jina lake la zamani lilikuwa limekufa. Aliyelizika alikuwa Nusaiba, muuza samaki mwenye meza karibu na lango, ambaye ulimi wake hauna likizo.

"Jamani, shikeni vitovu vyenu asije akavikata," aliwaambia wenzake Idd alipopita. "Plaizi huyo."

Wakacheka. Tangu siku hiyo aliitwa Plaizi, mbele yake na nyuma yake.

Kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa hadithi ya mtu mwenye haki katika mji wa wezi, na ingefaa kusomwa kwa watoto. Haikuishia hapo. Kesho yake Idd aliingia chumba cha luku kuhakikisha kuwa hakuna waya uliosalia. Nyuma ya mashine aliona bomba jeusi likizama kwenye sakafu ya zege. Ndani yake mlikuwa na waya mnene kuliko zote alizokata. Haukupanda ukuta. Ulipita chini yake, na upande wa pili hapakuwa na nyumba ila moja, gesti ya diwani, Mheshimiwa Yahya.

Alikwenda kwa Stefano. Mhandisi hakuinua macho kutoka kwenye simu yake.

"Huo uache."

"Kanuni ni moja, Mhandisi."

"Kanuni ni moja, na kikao cha madiwani ni kimoja. Nani alipitisha mkataba huu? Yeye. Ukimkata, kesho atasimama kikaoni aupinge, tukose mashine zote. Uache kwa muda. Nitazungumza naye."

Idd alikuwa na plaizi mfukoni. Alijua kuwa alichoambiwa ni uongo uliovaa kanzu. Alijua pia ana mkopo benki na binti anayetaka kuolewa, na kwamba barua ya uhamisho huandikwa kwa dakika chache. Akasema, "Sawa, Mhandisi." Maneno mawili hayo ndiyo maisha yake yote yaliyofuata.

Maana mtu aliyemkata dada yake hadharani na kumwacha diwani kwa siri hakukata waya. Alichagua nani aibe. Wengine wangeona haya wakapunguza ukali. Idd akauongeza. Kila jioni alizunguka ukuta akitafuta waya mpya, na kijana mmoja alipojaribu kuchomeka simu kwenye soketi ya soko alimtoa kwa kumshika shati. Ukali huo ulimsaidia kusahau sakafu ya chumba cha luku.

Mji nao ukamsusa. Si kwa kumpiga wala kumtukana sana, maana watu wa Namatandu wana njia zao. Alipokaa kwenye baraza la kahawa, waliokuwepo walikumbuka shughuli zao mmoja baada ya mwingine. Wakati wa ndoa ya binti yake, Fauzia, hakuna mwanamke wa mtaa aliyekuja kukuna nazi wala kumenya vitunguu. Mkewe alikodi wapishi kutoka Lindi, jambo ambalo hapo kwao ni kama kukodi watu wa kulia msibani. Wanaume walikuja kwenye akdi kwa sababu ndoa ni ibada, na hawakutaka Mungu awaandikie dhambi. Lakini sinia la halua lilipoanza kuzunguka, lilipita mkono kwa mkono, kila mmoja akimpa jirani yake kwa adabu, likarudi kwa Idd limejaa.

Mmoja tu alikula. Mheshimiwa Yahya alichota kipande kikubwa, akakitafuna polepole, akampiga Idd begani mbele ya watu.

"Vumilia, fundi. Mji huu haujui maendeleo."

"Nashukuru, Mheshimiwa," alisema Idd.

Alishukuru. Watu waliokuwa karibu walisikia. Maimuna hakuwepo, alikuwa amekataa kuja, lakini maneno hayo yalimfikia kabla pilau haijapoa.

Yahya hakuwa mtu wa kuacha kitu cha bure kibaki. Nyaya za maskini zilipokatwa, aliongeza vyumba vya gesti na kuweka kiyoyozi kila chumba. Akajenga na ukumbi wa harusi, wenye spika ndefu kama milango. Yote hayo yalikula kutoka bomba lile jeusi. Nafasi waliyoiacha wajane na madrasa, yeye aliijaza hadi ikamwagika.

Mtu wa kampuni, Dionis, alikuja kukagua, akaona umeme wa soko haujapungua inavyopaswa. Alizunguka mashine zake, akagusa milango, akasikiliza mota. Hazikuwa na kasoro.

"Umeme unakwenda wapi, fundi?" alimuuliza Idd.

"Joto la mwaka huu ni kali," alisema Idd.

"Joto hilo limekuja na mashine zangu?"

Dionis alimweleza kwa upole kuwa kampuni imevumilia pengo mara moja na haitavumilia tena. Halmashauri izibe, au mashine ziondoke. Stefano, aliyesimama kando, alisema wachuuzi ni wajanja, labda kuna nyaya ambazo fundi hajaziona. Alisema hivyo huku akimtazama Idd usoni. Habari zikaenea kuwa Plaizi ameshindwa kazi. Wengine walisema anauza umeme kwa siri. Idd alimeza hilo pia.

Mambo yalifichuka Jumamosi moja, jua likiwa juu. Yahya alikuwa anamwozesha mwanawe, na muziki wa ukumbini ulikuwa unatikisa mabati ya mtaa mzima. Sokoni wachuuzi walikuwa kwenye foleni ya barafu, mitumbwi imeingia na jodari wazuri, kila mtu ana haraka. Ghafla uniti za soko zikaisha. Mashine zilinyamaza, taa zikazimika.

Na muziki ukakatika papo hapo, katikati ya neno.

Ng'ambo ya barabara, kwa fundi cherehani, redio ilikuwa bado inasoma habari. Mashine ya kusaga nayo iliunguruma kama kawaida. Umeme ulikuwepo mji mzima. Ulikosekana mahali pawili tu, sokoni na kwa diwani. Nusaiba aliweka chini ndoo yake, akageuza kichwa kuelekea gesti, kisha akakirudisha polepole kwa Idd.

"Plaizi," alisema, "bwana harusi naye ana meza humu sokoni?"

Safari hii hawakucheka. Walikuja wakamzunguka, wanawake kwa wanaume, mikono ikinuka samaki. Mmoja alitaka kujua alilipwa nini. Mwingine alisema hawezi kuwa alilipwa, mbwa wa mlangoni hulipwa makombo. Yule mzee aliyekatiwa taa ya mgonjwa alipenya hadi mbele. Alitema mate chini, karibu na kiatu cha Idd, akaondoka.

Watu walifungua njia. Maimuna alikuwa amekuja. Hakuwa amekanyaga sokoni tangu siku ya friza.

"Ulijua?" aliuliza.

"Dada, tukazungumze nyumbani."

"Ulinikata mbele ya watu. Nijibu mbele ya watu. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kesho yake."

Maimuna aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei.

"Ungetukata mimi na yeye siku moja," alisema, "ningekununia hadi Ramadhani, nikakusamehe. Ningesema mdogo wangu ni mkali, lakini ni mkali kwa wote. Ulisema, nikikuacha wewe nitamkata nani. Nilikwenda na neno hilo ndani nikalia, kwa sababu niliona lina haki. Kumbe plaizi lako linajua mjane anakaa wapi, na diwani halimjui."

"Niliambiwa niuache kwa muda."

"Na mimi ungeniacha kwa muda."

Idd aliingia chumba cha luku, watu wakimfuata hadi mlangoni, akapasua bomba jeusi na kukata waya. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua, nyepesi kuliko kukata waya wa Maimuna, maana huku hapakuhitaji ngazi. Kila aliyekuwa mlangoni aliona jinsi ilivyokuwa nyepesi. Hakuna aliyempongeza. Alipotoka, walimpisha kama anavyopishwa mtu mwenye upele.

Alichelewa. Pengo lilikwisha kuwa kubwa, na lilipasa kuzibwa. Kikao cha madiwani kilipokaa, Mheshimiwa Yahya alisimama na kusema kwa uchungu kuwa fedha ya wananchi haiwezi kulipia uzembe wa fundi. Waliobaki walitazama meza. Wote walijua habari ya muziki, maana wengi wao walikuwa kwenye harusi ile. Hakuna aliyeinua mkono. Stefano alihamishiwa kwingine kabla hajaulizwa lolote, na Idd alipewa barua ya onyo na kuondolewa sokoni.

Dionis alikuja na lori. Vijana wake walifungua mashine, wakazibeba mmoja huku mwingine kule, maji yakichuruzika sakafuni. Nusaiba alikaa juu ya meza yake, miguu ikining'inia.

"Kaka," alimwambia Dionis, "na sisi tulikosa nini?"

"Hamkukosa, mama," alisema Dionis. "Lakini mashine ni za kampuni, na halmashauri ni yenu."

Lilikuwa neno gumu na la kweli. Mji ulimsusa fundi kwa kuwakata walioiba kidogo, ukala pilau ya aliyeiba kingi. Uchaguzi ulipofika ulimrudisha Yahya kwenye kiti chake, kwa sababu aliahidi mashine nyingine.

Hadi leo hazijaja. Barafu ya Namatandu hutoka Lindi kwenye magunia ya pumba, ikifika imebaki nusu, na wachuuzi wadogo hawaimudu. Gesti ina luku yake sasa, na viyoyozi vingi vimezimwa. Maimuna aliuza friza, akahamia Kinjumbi kwa binti yake. Idd alimfuata mara kadhaa. Husimama uani na kumwamkia, shikamoo dada, naye huendelea kuchambua mchele hadi aondoke. Marahaba haijatoka.

Waya mmoja ulioachwa uliugharimu mji mashine zake za barafu, na ulimgharimu Idd Tawakali dada aliyemlea.